Koili Niliyoishona Kama Wavu

Marehemu mume wangu, Ildefonsi, alipanda Mbinga kuuza magunia mawili ya usipa mkavu, dagaa wa ziwa letu. Nilimwagiza chumvi, sabuni na khanga. Akarudi na jiko la umeme.

"Chumvi iko wapi?" nikamuuliza.

"Angalia jiko kwanza, Restituta."

"Ninaliangalia. Halina chumvi."

Alicheka mpaka akakaa chini. Siku hiyo tulikula ugali wa muhogo na mboga isiyo na chumvi, lakini tuliipika kwenye jiko jipya. Mimi nilikuwa nimepika kwa kuni zaidi ya miaka arobaini. Macho yangu yalikuwa mekundu kila asubuhi kama ya mtu aliyelia. Siku hiyo hayakuwasha hata kidogo.

Wakati huo umeme ulikuwa bado mgeni hapa Ngumbo. Nguzo zilikuwa zinanuka dawa. Ildefonsi alikuwa anawasha taa mchana ili wapita njia waione. Jioni aliketi kwenye kiti chake, akaitazama balbu kama mtu anayetazama mgeni wa heshima. Nikimwambia aizime, anasema, "Mwache apumzike, ametoka mbali."

Ildefonsi hayupo sasa. Amelala nyuma ya nyumba, upande unaotazama ziwa. Jiko lake nimebaki nalo mimi. Ni jiko dogo la bati jeupe. Juu lina sahani ya udongo mgumu, yenye mfereji unaozunguka kama konokono. Ndani ya mfereji kuna koili, yaani waya mwembamba uliosokotwa kama springi. Umeme ukipita, koili inakuwa nyekundu, na chungu kinapata moto.

Kila asubuhi ninachemshia chai hapo. Mchana ninapika maharage, au samaki mbasa nikimpata. Nyumba yangu ilikuwa na soketi moja tu, nayo ilikuwa chumbani. Kwa hiyo nilivuta umeme mpaka jikoni kwa ekstensheni niliyonunua mnadani. Waya wake ulikuwa mwembamba, laini, unakunjika kama uzi. Niliupenda kwa sababu haukuchukua nafasi.

Mwaka jana koili ilikatika. Nilikaa chini nikaitazama. Mahali ilipokatika palikuwa peusi, pamelika. Nikasema moyoni, kazi hii ninaiweza.

Watu wa ufukweni tumekua na nyavu. Wavu ukitoboka, hufungi uzi mbovu kwa uzi mbovu. Unakata sehemu iliyooza, unatafuta macho mazima ya huku na macho mazima ya kule, unayaunga. Wavu unapungua kidogo, lakini unakuwa imara. Ildefonsi alinifundisha hivyo tukiwa bado wachumba. Tuliketi mchangani na wavu mmoja magotini mwetu wawili. Tulishona polepole sana, maana tulijua ukiisha kila mtu atarudi kwao.

Basi nikachomoa jiko. Nikakata sehemu nyeusi ya koili, kama kidole kirefu hivi. Nikaunga ncha nzima kwa ncha nzima, nikazisokota. Kipande nilichokikata nikakiweka kwenye kopo, maana mimi situpi kitu.

Jiko likawaka! Tena likawaka vizuri kuliko mwanzo.

Baada ya miezi michache koili ikakatika tena. Nikakata, nikaunga. Ikakatika mara ya tatu. Nikakata, nikaunga. Mara ya nne nilifanya kazi hiyo huku ninaimba.

Jirani yangu Walburga alikuja siku moja kuomba kiberiti, akakuta sufuria inaruka juu ya jiko.

"Mama Florian, jiko lako siku hizi lina hasira! Limekuwaje?"

"Nimelifupisha utambi," nikamjibu kwa majivuno.

"Utambi?"

"Umesahau koroboi? Utambi mrefu unakula mafuta mengi na unatoa moshi. Utambi mfupi unakula kidogo. Na hii koili ni hivyo hivyo. Waya mfupi, umeme kidogo."

"Mbona uniti zako za umeme kwenye luku zinaisha upesi kuliko zamani?"

"Hizo ni njaa za watu wa umeme wenyewe," nikasema. Tukacheka, yakaisha.

Kumbe hayakuisha.

Jumanne moja, baada ya chakula cha mchana, nilikuwa uani ninaanika usipa. Maharage yalikuwa jikoni tangu saa nne. Nikasikia harufu ya kitu kama mpira unaoungua. Kabla sijasimama, Walburga alishaanza kupiga kelele toka kwake.

"Mama Florian! Moshi! Moshi dirishani!"

Nikakimbia. Ekstensheni ilikuwa inawaka moto kando ya ukuta, toka chumbani hadi jikoni, kama mstari uliochorwa. Mkeka ulikuwa umeshika. Pazia lilikuwa limeshika. Nikachukua ndoo ya maji.

"Usimwage maji!" Walburga akapaza sauti. "Umeme huo! Zima kwanza!"

Nikaiacha ndoo. Nikakimbilia swichi kubwa iliyo mlangoni, ile wanayoiita breka, nikaizima. Walburga akaleta mchanga kwa beseni, tukamwaga, tukamwaga tena. Moto ukafa. Tulibaki tumesimama, tunahema, nywele zimejaa majivu.

Ukutani palibaki doa jeusi lenye urefu wa mtu mzima. Pembeni yake palikuwa na mlango wa chumba ninacholala.

Habari ilimfikia mwanangu Florian siku hiyo hiyo. Yeye anaishi Mbinga na mke wake Ephrasia. Anafanya kazi ya kupima kahawa kwenye chama cha msingi cha ushirika. Akanipigia simu.

"Mama, shikamoo. Umeungua?"

"Marahaba, baba. Sijaungua. Pazia ndilo limeungua."

"Safari hii ni pazia. Jumamosi ninakuja na gari. Unahamia kwetu."

"Nani kasema?"

"Nasema mimi. Huwezi kukaa peke yako na moto."

"Florian, hapa ndipo nilipokuzaa. Baba yako yuko hapa nyuma. Nikihama, nani atamfagilia kaburi?"

Nilisikia watu wakibishana kuhusu mizani kule aliko. Kisha akasema kwa upole, na upole wake uliniuma zaidi.

"Mama, niambie jambo moja tu. Ni nini kilichounguza waya? Ukinieleza, na ukinionyesha kwamba hakitarudi, nitakuacha. Lakini huwezi. Hata mimi siwezi. Basi funga mizigo."

Akakata simu. Niliketi mlangoni nikatazama maji. Nimeyaona maji hayo kila asubuhi ya maisha yangu. Mbinga ni mji mzuri, kuna baridi na kahawa, na wajukuu zangu wapo. Lakini ni mahali pa kutembelea. Sikutaka kuwa mgeni wa kudumu kwenye nyumba ya mtu, hata kama mtu huyo nilimnyonyesha.

Alhamisi asubuhi nilimwita Nasma.

Nasma ni binti wa Mzee Bakili mwenye duka la vifaa pale njia panda. Alisoma ufundi wa umeme Songea, sasa anafunga nyaya kwenye nyumba za watu pwani nzima ya ziwa. Alikuja na pikipiki yake, mtandio kichwani, mkoba wa vifaa begani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Karibu uone aibu yangu."

Aliutazama ukuta, akaguna. Akaokota kipande cha waya ulioungua, akaunusa. Kisha akaliinua jiko, akalipindua. Chini yake palikuwa na kibati kidogo ambacho sikuwahi kukisoma.

"Bibi, unasoma?"

"Darasa la nne. Nikaacha baba alipofariki. Lakini hesabu nilikuwa wa kwanza. Muulize yeyote aliye hai."

Nasma akatabasamu. "Nani aliye hai sasa?"

"Walburga. Yeye alikuwa wa mwisho."

Walburga, aliyekuwa amesimama dirishani, akasema, "Nilikuwa wa pili kutoka mwisho! Usinipunguzie."

Kibati kiliandikwa: Volti 220. Wati 1100.

"Hizi ni siri mbili za jiko," Nasma akasema. "Tutazihitaji. Sasa nieleze, umewahi kulitengeneza?"

Nikamweleza kila kitu: kukata, kuunga, mara nne. Nikamweleza habari ya wavu na habari ya utambi. Nilitegemea anisifu. Badala yake akaketi kwenye kigoda changu.

"Bibi, ile barabara ya kutoka Mbinga kushuka huku ziwani, unaijua?"

"Naijua kwa miguu. Nimeishuka na mtoto mgongoni."

"Umeme ni kama pikipiki zinazoshuka barabara ile. Mteremko ndio volti. Mteremko ndio unaozisukuma zije. Hapa kwako mteremko ni volti mia mbili na ishirini."

"Sawa."

"Ukisimama njiani ukahesabu ni pikipiki ngapi zinapita kwa dakika moja, hizo ndizo ampea. Ni wingi wa umeme unaopita. Sasa barabara ina mawe, ina kona, ina tope. Vyote hivyo vinazuia. Kule kuzuia tunakuita ukinzani. Tunaupima kwa omu."

"Na koili?"

"Koili ndiyo sehemu ya mawe na tope. Imewekwa makusudi, ili umeme uhangaike pale, na kwa kuhangaika utoe joto. Koili ikiwa ndefu, mawe ni mengi, pikipiki zinapita chache. Wewe umekata kipande cha barabara mbaya. Umekata kingine. Mteremko ni ule ule. Pikipiki zitafanya nini?"

Nikajibu polepole, "Zitakuja nyingi."

"Zitakuja nyingi."

"Lakini utambi mfupi..."

"Utambi unawaka ncha tu, bibi. Urefu wa ncha ndio unaoamua mafuta. Koili inawaka yote, mwanzo mpaka mwisho. Na urefu wake ndio breki yake. Ukiikata, umekata breki."

Walburga akapiga makofi mawili dirishani. "Nilisema jiko lina hasira!"

Nikajisikia mdogo. Ila bado nilikuwa na shaka. Mimi ni mtu wa kuona kwa macho.

"Maneno ni mazuri," nikasema. "Nionyeshe."

Nasma alichukua waya wake mwenyewe, mnene, akauchomeka kwenye soketi ya chumbani, akaunga jiko. Kwenye mkoba akatoa mita yenye mdomo kama wa kaa. Aliubana mdomo ule kwenye uzi mmoja wa waya, bila kuuchubua. Akawasha. Koili ikawa nyekundu, kisha ya rangi ya chungwa. Kwa mita nyingine akapima soketi.

"Bibi, hii kazi ya kupima usiifanye. Niachie mimi. Yako ni hesabu. Soma hapa."

"Kumi na moja."

"Ampea kumi na moja. Na hapa?"

"Mia mbili na ishirini."

"Volti mia mbili na ishirini." Akazima haraka, akachomoa. "Ukitaka kujua ukinzani, gawanya volti kwa ampea. Haya, wa kwanza darasani."

Nilichukua kipande cha chaki ambacho mafundi cherehani hutumia. Niliinama sakafuni. Goti liliniuma, lakini mkono ulikumbuka. Mwalimu wetu Othmar alitufundisha kugawanya kwa punje za mahindi. Alimwaga punje mchangani, tukazipanga mafungu mafungu. Ukikosea, unarudisha punje zote mwanzo. Ukipata, unakula mahindi yako yakichomwa. Hakuna aliyekosea mara mbili akiwa na njaa.

Nikaandika. Nikafuta. Nikaandika tena.

"Elfu mbili mia nne na ishirini!" nikasema.

Nasma akacheka. "Hapo umezidisha, bibi. Ulichopata ni kitu kingine, usikifute, tutakirudia. Mimi nataka ugawanye."

Nikaona aibu, nikarudisha punje zangu mwanzo. Mia mbili na ishirini kwa kumi na moja. Ishirini na mbili kwa kumi na moja ni mbili. Inabaki sifuri, ninaishusha.

"Ishirini."

"Omu ishirini. Huo ndio ukinzani wa koili yako leo. Sasa tujue ulikuwa ngapi ilipokuwa mpya. Kibati kinasema wati elfu moja mia moja. Wati ni nguvu ya jiko. Nguvu unaipata kwa kuzidisha volti na ampea. Kwa hiyo ukitaka kurudi kwenye ampea, gawanya wati kwa volti."

"Elfu moja mia moja kwa mia mbili na ishirini." Nilihesabu kwa vidole nikijumlisha. Mia mbili ishirini, mia nne arobaini, mia sita sitini, mia nane themanini, elfu moja mia moja. "Tano!"

"Ampea tano. Jiko la mzee lilitengenezwa lipitishe ampea tano. Na ukinzani wake?"

"Volti kwa ampea. Mia mbili na ishirini kwa tano... arobaini na nne."

"Omu arobaini na nne. Na leo ni ishirini. Omu nyingine zimekwenda wapi?"

Nikainuka. Nikaenda kwenye rafu, nikachukua lile kopo. Nikamimina vipande vinne vya koili mbele yake.

Nasma alivitazama kwa furaha ya mtu aliyekuta kitu kilichopotea. "Bibi, wewe kweli hutupi kitu!" Akashika mita ya kupima omu, akagusa ncha za kipande cha kwanza.

"Saba," akasema. Cha pili, sita. Cha tatu, sita. Cha nne, tano.

Nilikuwa nimeshajumlisha kabla hajamaliza.

"Ishirini na nne. Na ishirini za kwenye jiko..."

"Arobaini na nne!" Walburga akapaza sauti dirishani. Sote tukamgeukia. Akasema, "Nini? Kujumlisha nilikuwa ninajua."

Niliketi chini kabisa, sakafuni, kati ya namba zangu. Breki ya jiko nilikuwa nimeiweka kwenye kopo, rafu ya juu, mwaka mzima.

"Sasa turudi kwenye ile namba uliyoipata kwa kuzidisha," Nasma akasema. "Volti mia mbili ishirini mara ampea kumi na moja."

"Elfu mbili mia nne na ishirini."

"Hizo ni wati. Ndiyo nguvu ya jiko lako sasa. Lilizaliwa na wati elfu moja mia moja."

"Zaidi ya mara mbili!"

"Ndiyo maana uniti ziliisha. Chai ilichemka upesi, ukazima upesi, hapo hukupoteza sana. Lakini maharage yanataka saa zake tatu hata ukiyapigia kelele. Na saa zote tatu jiko linakula mara mbili."

"Na ekstensheni je? Mbona jiko halikuungua, ukaungua waya?"

Akaninyooshea ule waya mwembamba. "Huu ni kama kivuko cha miti juu ya mto, kilichojengwa kipitishe watu sita kwa pamoja. Jiko lilipokuwa zima, walipita watano. Ukawaleta kumi na mmoja."

"Na ile breka ya mlangoni, mbona haikukata? Si ndiyo kazi yake?"

"Breka yako ni ya ampea ishirini. Inalinda waya mnene ulio ukutani. Imehesabu kumi na moja, ikaona bado kuna nafasi. Haijui kwamba mbele umeweka uzi mwembamba."

Nikamwomba avirudishe vile vipande kwenye jiko. Akakataa.

"Kila mahali unapounga kwa kusokota panashika vibaya. Panapata joto kupita sehemu nyingine, panakatika. Ndiyo maana ilikatika mara nne. Koili haishonwi, bibi. Ikikatika, inawekwa nyingine nzima, yenye wati na volti zile zile za kwenye kibati."

"Na jiko la Ildefonsi nilitupe?"

Nilikuwa nimeuliza kwa sauti ndogo. Nasma akaipangusa sahani ya udongo kwa ncha ya mtandio wake.

"Sahani ni nzima. Bati ni zima. Jiko la babu litabaki jiko la babu."

Ijumaa alirudi na koili mpya toka dukani kwa baba yake, ya volti 220 na wati 1100. Akailaza kwenye mfereji bila kuikata hata kidogo. Akafunga soketi ya pili jikoni, kwa waya mnene uliopita ukutani, ili nisivute tena ekstensheni. Akaubana mdomo wa kaa, akaniita nisome.

"Tano," nikasema.

Koili haikuwa na ile rangi ya chungwa. Ilikuwa na wekundu wa taratibu, ule ule niliouona siku Ildefonsi aliporudi bila chumvi. Nilisimama pale muda mrefu. Nasma alijifanya anakusanya vifaa.

Jumamosi Florian alifika kabla ya adhuhuri na gari la rafiki yake. Alinisalimu, akaingia chumbani moja kwa moja. Nilipomfuata alikuwa ameshalikunja godoro langu, analifunga kamba.

"Baba, kaa kwanza."

"Mama, barabara ni mbaya, tuwahi."

"Uliniuliza kilichounguza waya."

Akasimama na kamba mkononi. "Niliuliza tu, mama."

"Mimi nilisikia swali. Njoo jikoni."

Nilichukua chaki. Pale ukutani, juu ya doa jeusi, chaki inaonekana vizuri sana. Nikamwandikia: 220 kwa 11, omu 20. Nikamwandikia: 220 mara 11, wati 2420. Chini yake nikaandika ya jiko zima: 220 kwa 5, omu 44. 220 mara 5, wati 1100. Nikapindua jiko nikamwonyesha kibati. Nikammiminia vile vipande vinne vya koili mkononi.

"Hivi ndivyo vilivyounguza. Nilivikata mimi mwenyewe kwa mkono wangu, kama wavu. Nikapunguza ukinzani, ampea zikazidi, waya mwembamba ukashindwa. Sasa koili ni nzima na waya ni mnene. Ampea tano."

Florian alisoma ukuta mara mbili. Yeye alifika kidato cha nne.

"Nani kakufundisha hivi?"

"Nasma kanifundisha umeme. Kugawanya nilikuwa nakujua kabla hujazaliwa."

Hakucheka. Niliona bado hajaamini. Alitoka nje, akarudi na boksi. Ndani yake kulikuwa na birika la umeme linalong'aa.

"Ephrasia alikununulia, la chumba chako kule Mbinga," akasema. "Tuseme unabaki hapa nalo. Chini limeandikwa wati elfu mbili mia mbili, volti mia mbili na ishirini. Ukiliweka pamoja na jiko kwenye ekstensheni moja ya ampea kumi na tatu, itakuwaje?"

Walburga alikuwa ameshafika dirishani, mahali pake. Sikuandika. Nilifumba macho.

"Elfu mbili mia mbili kwa mia mbili na ishirini ni kumi. Birika ampea kumi. Jiko ampea tano. Jumla kumi na tano. Ekstensheni inabeba kumi na tatu. Sitaviweka pamoja. Nitachemsha maji kwanza, nichomoe, ndipo nipike."

"Amepata!" Walburga akasema.

Florian alilitazama birika. Akanitazama mimi. Kisha uso wake ukabadilika, kama mtu aliyekumbuka kitu alichokiacha mlangoni.

"Mama," akasema polepole, "na ukiongeza pasi ya wati elfu moja mia moja?"

"Hiyo ni ampea tano nyingine. Ishirini. Nani kaviweka vyote vitatu?"

Hakunijibu. Alikuwa ameshatoa simu.

"Ephrasia? Uko nyumbani? Unafanya nini? ... Unapiga pasi. Na jiko? ... Na birika letu je? ... Ephrasia, sikiliza, zima swichi ya ukutani sasa hivi, halafu chomoa. Vyote! ... Gusa waya wa ekstensheni kidogo baada ya kuchomoa. ... Wa moto? Wa moto kiasi gani?"

Florian akafunga simu, akakaa kwenye kigoda.

"Anasema waya umelainika kama mkate," akasema. "Watoto wamelala chumba hicho hicho chenye ekstensheni."

Nilimshika bega. Kwa muda alikuwa tena yule mtoto niliyemshusha milima ile mgongoni.

Baadaye alikunywa chai, akala muhogo wa kuchemsha. Alikwenda nyuma ya nyumba kwa baba yake, akakaa huko kidogo. Aliporudi aliingia chumbani. Nikamsikia anafungua kamba. Akalitandika godoro mwenyewe, akalipiga piga likakaa sawa.

Kabla ya kuondoka aliomba kalamu. Hakuwa na karatasi, akaandika kiganjani. Nikamsomea polepole, naye akaandika: volti kwa ampea, ukinzani. Volti mara ampea, nguvu. Wati kwa volti, ampea. Jumlisha ampea zote, kisha ulinganishe na namba ya kwenye ekstensheni.

"Rudia hiyo ya mwisho, mama."

Nikairudia.

Akapandisha milima ya Mbinga peke yake. Nilisimama njiani mpaka gari likapotea kwenye kona. Kisha nikarudi ndani, nikaweka maji ya chai juu ya jiko la Ildefonsi, nikawasha.

Ampea tano.